Agar na Sanduku Lisilo na Tundu

Niambie, wewe unayesoma: mtu ambaye nchi yake inaungua ana haki ya kutafuta spika?

Mwaka ule wa vita niliulizwa swali hilo mpaka nikachoka. Mjomba wangu alilitia pilipili zaidi: wenzenu, alisema, wanatafuta sabuni na dawa, nyinyi mnatafuta kelele, kana kwamba Kongo imepungukiwa na kelele. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemaliza chuo pale Butembo, nina hasira na kila mwenye bunduki, na bureau pekee iliyokuwa ikitafuta vijana waliosoma ilikuwa ya waasi. Niliapa kwamba sitawaandikia hata bahasha. Badala yake nikashika gitaa katika kwaya ya parokia. Basi nitajibu swali hilo kwa kukueleza habari za Agar, maana ni yeye aliyekuwa akitafuta spika, na alikuwa na sababu ambayo mjomba hakuijua.

Kavira Agar alikuwa muuza majaketi. Butembo ni mji wa baridi; asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, na mwendesha pikipiki asiye na jaketi hafiki mbali. Agar alinunua mitumba kwa balo, yaani robota, akaitundika kwenye misumari mbele ya kibanda chake, akawavalisha wateja mwenyewe na kuwageuza kama mama anayemwandaa mtoto kwa komunyo. Alizaliwa Masereka, kwa watu wa viazi na maharagwe, akaletwa mjini angali msichana kumsaidia shangazi. Mpiga basse wa kwaya alipokimbia vita, gitaa lake la nyuzi nne, lile la sauti nene, lilibaki limeegemea ukuta wa sakristia. Agar akaliomba. Padri alicheka kwanza, kisha akampa. Kwa mwaka mmoja hakukuwa na mkono thabiti kuliko wake parokiani.

Kisha siku moja alikuwa akirudi kutoka Masereka kuwasalimu wazazi. Barabarani kundi moja la wenye silaha lilikuwa likirushiana mabomu na jingine. Nani na nani, mpaka leo sijui, na sitaki kuwapa heshima ya kuwatofautisha. Bomu moja lilianguka ukingoni mwa barabara, karibu na gari lake. Hakuchubuka hata ngozi. Lakini masikio yake yalipoacha kulia, sehemu ya juu ya dunia ilikuwa imeondoka. Ndege hawakuwapo. Sauti za watoto, filimbi, maji yanayochemka, shangazi akimwita kutoka jikoni: vyote vimekatwa kama kwa kisu. Kilichobaki ni sehemu ya chini, yaani injini za malori, ngurumo, sauti za wazee wa kiume, kengele kubwa ya kanisa.

Tukajifunza kumsemesha kwa sauti nene, polepole, uso kwa uso, naye akatazama midomo. Wasichana wa kwaya waliufanya mchezo: wakitaka kumwambia jambo walivimbisha shingo na kunguruma kama maaskofu, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini akiwa peke yake hakucheka. Magitaa ya solo, ambayo ndiyo roho ya rumba yetu, yalikuwa yamepotea. Aliniambia kwamba rumba kwake imekuwa kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Kaseti ilikuwepo tangu zamani. Aliikuta mfukoni mwa jaketi la ngozi, ndani ya balo, haina jina wala picha. Alipoisikiliza mara ya kwanza, kabla ya bomu, alisema hawa ni watu wanaogombana ndani ya pipa. Baada ya bomu aliirudia kwa kukata tamaa, akakuta wimbo mzima umebaki mahali pake. Magitaa yameshushwa chini kabisa, basse inakimbia bega kwa bega na ngoma ya mguu, na mwimbaji ananguruma kama mtu anayesukuma lori. Alinijia mbio na redio mkononi kuniuliza muziki huu unaitwaje. Nikamwambia Wazungu wanauita hevi metali, chuma kizito. Ndivyo kundi letu la watu watatu lilivyopata jina: Chuma Nzito, kama watu wanavyosema mtaani, bila kuomba ruhusa kwa mwalimu wa sarufi. Agar alipiga basse, mimi gitaa, Jéthro ngoma. Nilipaka jina hilo kwa rangi nyeupe kwenye mfuko wa basse.

Tatizo lilikuwa spika. Ile ya kwaya ilikuwa ndogo, imechanika, na Agar hakujisikia ndani yake. Alipiga kwa kukumbuka vidole. Jumapili moja, wimbo wa sadaka uliisha, padri akainua mikono kuomba, na basse ikaendelea peke yake. Kanisa zima likageuka. Aliona nyuso. Akazima ampli, mashine ya kukuza sauti, akaketi, akainamisha kichwa mpaka mwisho wa misa.

Nje aliniambia kwamba asipopata spika ya kumwezesha kujisikia, atalirudisha gitaa sakristia na hataligusa tena. Nilijaribu kumbembeleza. Akatikisa kichwa.

"Muziki ya kubahatisha mimi hapana fanya," alisema. "Nikipiga, nijue nimepiga."

Wakati huo Papa Ibrahim, msafirishaji wa Beni, alikuwa amerithi vyombo vya dancing moja, ukumbi wa dansi, iliyofungwa wageni walipokimbia. Dereva wake alituletea habari: depo kwake, yaani ghalani, kuna mabafle mawili ya basse, ndivyo sisi tunavyoyaita masanduku ya spika. Wimbo wa Ibrahim wa kila siku ulikuwa baridi inayowaua madereva wake kwenye milima ya Lubero. Agar akafunga mzigo wa majaketi, mazito kuliko yote aliyokuwa nayo. Ibrahim akakubali kwa maneno aliyompa dereva: chagua sanduku moja, acha majaketi, lori langu litakurudisha. Jéthro alibaki kwa sababu mama yake hakutaka kusikia neno Beni. Mimi na Agar tukapanda lori pamoja na basse na ampli.

Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani, askari kijana alitushusha. Aliona mfuko, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Mdomo wa bunduki yake ukasogea kidogo upande wetu.

"Chuma nzito. Nzito ya namna gani? Mortier?"

Alimaanisha mzinga wa kurushia mabomu. Nilikuwa tayari kumpa hotuba juu ya uhuru wa sanaa. Namshukuru Mungu Agar hakusikia swali. Aliona tu macho ya askari yameganda kwenye mfuko, akaufungua, akachezesha uzi mmoja. Bila umeme ulitoa sauti kama mbu. Askari akatega sikio, akacheka.

"Ile ni chuma nyepesi," akasema, akainua mti.

Beni ilitupokea kwa joto na ukimya usiopendeza. Mji ulikuwa na askari kila kona, wa uasi huu na wa uasi ule, wakitazamana kama majogoo. Watu wa Beni walikuwa wamesoma chuo ambacho mimi sikusoma. Walijua kwa masikio silaha gani imelia, umbali gani, upande gani. Mama muuza mihogo alikunja mkeka wake kabla askari mwenyewe hajajua aelekeze bunduki wapi. Nilikuwa nimesikia habari hizo. Sikuzihusisha na sisi.

Depo ya Ibrahim ilikuwa kando ya barabara inayokwenda Mavivi, uliko uwanja wa ndege, mbele kidogo ya soko. Ibrahim alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye utani. Mimi aliniita Prof tangu dakika ya kwanza, Agar alimwita binti. Mkewe, Mama Hawa, alituletea chai, kisha akakaa mlangoni na ungo wa mchele kuona kitakachotokea.

Masanduku yalikuwa mawili kweli. La kwanza lilikuwa refu kama kabati la nguo, na spika moja pana kama sinia ya pilau, na chini yake tundu ambalo mkono ungepita. La pili lilikuwa fupi, la mbao nene, na spika nne ndogo zilizobanana, na halikuwa na tundu popote. Uzito wake uliwashinda wapagazi wawili. Ibrahim alisema yeye hulipa jina la jiwe.

Nilijua tunachotaka. Nilikuwa nimesoma, nimeuliza, nimefikiri. Katika muziki wetu basse haitembei, inakimbia. Na sanduku lenye tundu linapumua, na pumzi yake inachelewa. Pigo la kwanza halijaondoka la pili limeshafika, na mwishowe ni uji. Sanduku lililofungwa halina deni na wewe: kidole kikiacha, sauti inaacha. Hayo yote nilimweleza Agar kwa sauti yangu nene kabisa, nikionyesha kwa mikono. Alisikiliza kwa heshima.

"Wewe unachagua na masikio," akasema. "Mimi masikio yangu iko hapa." Akajipiga kifuani.

Ibrahim akawasha groupe, jenereta yake, kule uani. Tukaunganisha ampli na lile jiwe kwanza. Agar akavua viatu, akasimama peku mbele yake, akapiga uzi wa chini, ule tulioulegeza mpaka unanguruma. Kwangu mimi ilikuwa sauti niliyoiota: kavu, ngumu, kila pigo na mipaka yake. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho kama mtu anayetafuta funguo gizani. Akafumbua.

"Nasikia kidogo," alisema. "Kama mutu anaongea nyuma ya ukuta."

Tukaunganisha lile kubwa. Pigo la kwanza lilitikisa vikombe vya Mama Hawa. La pili nililipokea tumboni. Uso wa Agar uliinuka polepole, akaweka miguu mbali kidogo, na akaanza kupiga sawasawa, pigo, nafasi, pigo, nafasi, kama anayehesabu hatua za kurudi nyumbani. Machozi yalimtoka naye akacheka. Nilimeza hoja zangu zote. Nani angebishana na uso ule? Uji na uwe uji, nilijisemea, mradi ni uji wake.

Sikuona saa ngapi Mama Hawa alisimama. Nilisikia kwanza mabati: milango ya maduka ikishushwa, mmoja, mwingine, halafu mingi kwa pamoja. Kisha mayowe. Nilipofika mlangoni soko lilikuwa limepasuka. Wanawake walikimbia wamebeba watoto bila nguo, pikipiki zimelala chini magurudumu yakizunguka, mzee mmoja amejitupa mtaroni na kufunika kichwa kwa beseni. Filimbi za askari zililia upande wa juu. Na nyuma yangu, pigo, nafasi, pigo, nafasi.

Nilielewa. Kwa nje, ukuta ulikuwa umekata kila kitu isipokuwa ngurumo. Ile haikuwa basse tena. Ilikuwa mortier inayopiga Beni.

Niligeuka nikapiga kelele. Agar alikuwa ameupa mlango mgongo, hasikii mayowe, wala filimbi, wala jina lake. Mayowe yote ya dunia yako upande ule uliokatwa. Kabla sijamfikia waliingia askari, mbele yao adjudant, mkubwa wao, mwenye kofia ya sufi na jasho usoni. Ibrahim alikuwa ameinua mikono. Nikainua yangu. Groupe ikaendelea kunguruma uani.

"Nani anapiga?" adjudant aliuliza.

Agar aligeuka, akaona bunduki. Akaona midomo ikirudia swali. Akalijibu kwa unyoofu, kama alivyojibu kila kitu.

"Ni mimi napiga."

"Unapiga nini?"

"Napiga basse."

Kifaransa kina neno basse na kina neno base, na tofauti yake ni nyembamba kama unyoya. Kambi yao, pale juu ya barabara, waliiita base. Niliona adjudant akilipokea neno, nikaona vidole vya wenzake vikikaza.

"Base yetu?" alisema, kwa sauti ya chini sana. "Wewe mwanamuke, unapiga base yetu?"

Na sauti ya chini Agar aliisikia. Hakuelewa, lakini aliisikia, akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo, chef. Tangu mwaka jana. Padri ndiye alinipatia."

Sijui niliruka vipi. Nakumbuka nilisimama kati yao nikisema chombo, chef, chombo, nyuzi nne, kanisani, huku nikionyesha gitaa, na Ibrahim naye akisema kwa Kilingala muziki, muziki tu. Adjudant alinisukuma. Akatazama mfuko sakafuni na maneno yake meupe, akatazama gitaa, akatazama miguu ya Agar isiyo na viatu. Kitu fulani katika miguu ile kilimtuliza. Akamwambia apige, asikie mwenyewe.

Agar alipiga mara moja. Vikombe vikacheza. Askari mmoja akacheka kwa woga. Adjudant alitoka mpaka barabarani, akaamuru apige tena, akasikiliza akiwa amesimama katikati ya soko tupu. Aliporudi hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeaibishwa. Alisema hata yeye, aliyezaliwa na mortier mkononi, pale nje hawezi kutofautisha. Sanduku hili likilia tena atalitoboa kwa risasi. Kisha akauliza lile fupi. Tukaliunganisha. Alitoka tena, akarudi akisema linasikika kama kinu cha mahindi. Hilo ruhusa.

Kabla ya kuondoka alituma askari wazunguke sokoni kutangaza kwa sauti: watu warudi, maduka yafunguliwe, si bomu, ni mwanamke anapiga basse kwa Ibrahim. Alipendezwa na tangazo lake. Alilirudia mwenyewe, akitamka basse vizuri.

Mimi damu ilikuwa inachemka. Walikuwa wamechukua barabara, wamechukua dhahabu, wamechukua mashamba ya watu. Sasa wamechukua hata sauti nene, hakuna mwingine anayeruhusiwa kunguruma. Nilisema hayo, na mengine. Ibrahim aliniomba niyaseme taratibu kwa sababu ukuta wake si mnene kama nilivyofikiri. Agar hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameinama kando ya lile sanduku kubwa, anazungusha waya wake mkononi kwa uangalifu wa mtu anayefunga maiti.

"Tutaenda," aliniambia. "Majaketi Papa Ibrahim abaki nayo. Jumapili nitarudisha gitare kwa padri."

Nilimwambia jiwe lile ndilo sanduku sahihi. Akanitazama bila hasira. Sahihi kwa nani? Hakuuliza kwa mdomo. Kisha akakaa juu ya kitu kilichokuwa karibu, bila kukitazama. Kilikuwa jiwe. Basse ilikuwa bado shingoni mwake na ampli bado inawaka. Kiganja kilianguka juu ya nyuzi.

Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Akasimama ameshika kiuno, anatutazama mmoja mmoja, kama anayetuuliza nani kamgusa. Mama Hawa akamkaribia na kumuuliza ana nini. Agar akaanza kueleza kwa haraka, na ajabu ni kwamba alikuwa akiomba msamaha. Koko yake, mama mzaa baba, kule Masereka, alimkataza tangu mdogo: binti hakalii ngoma. Hata ngoma iliyopasuka, hata ngoma iliyotupwa. Alikuwa amekaa bila kukusudia.

Mama Hawa alifikiri. Kisha akavimbisha shingo na kushusha sauti, kwa namna ambayo hakuna aliyemfundisha.

"Koko yako alisema ngoma. Ngoma iko na ngozi. Hii haina ngozi, ni kabati tu. Ikala."

Agar akakaa. Akakaa ukingoni kwanza, kama mgeni. Akapiga uzi wa chini. Niliona sauti ikipanda: kiuno, mgongo, mabega, na ilipofika shingoni kichwa chake kiliinama kidogo mbele, kikaitikia. Akakaa vizuri. Akapiga mbio, vidole viwili vikikimbizana, na kila pigo likawa pigo. Alipoacha ghafla, ukimya ulikuwa safi kama meza iliyofutwa.

"Iko ndani ya mifupa," alisema. "Sasa acha kidole, inaacha. Ile kubwa haikuwa inaacha."

Niliazima gitaa dogo la Ibrahim, lililobaki nyuzi tatu, nikaanza wimbo wetu. Hakunitazama. Nilitaka kumjaribu, nikakata katikati ya mstari, mahali ambapo hatujawahi kukata. Hakuona mkono wangu. Lakini nilikuwa nagonga sakafu kwa mguu kuhesabu, na mguu ulipoacha, basse ikaacha nao. Hakuzidisha hata pigo moja. Tukatazamana. Ibrahim akamwita dereva ajaribu majaketi.

Barabara ilifungwa mapema siku ile, tukalala kwa Ibrahim. Wakati wa kula watu walipita mlangoni kumwona mwanamke aliyekimbiza soko zima. Yule mzee wa mtaroni alikuja na beseni lake, akaliweka mbele ya Agar, akamwambia afadhali alivae yeye kama kofia ya vita, maana ndiye mwenye silaha. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Ni kicheko hicho ninachokikumbuka kwa uchungu, kwa sababu kilitufanya sote tusahau.

Asubuhi niliamshwa na basse. Pigo, nafasi, pigo, nafasi, kwa mbali, kama kupitia ukuta. Nikatabasamu nikiwa nimelala. Nilisikia barabarani maduka yakifunguliwa, nikasikia mama anayekaanga mikate akimwambia jirani kwamba ule dada wa basse ameamka mapema leo, na jirani akajibu kwamba huenda adjudant amemuomba nyimbo ya kuamshia askari wavivu. Nilitoka nikawaona. Msichana mmoja alikuwa akicheza kiuno kufuata mapigo, ndoo kichwani. Nikaenda depo kumwambia Agar apunguze kidogo.

Uani nilipita kando ya groupe. Ilikuwa imefunikwa turubai lake, baridi, kimya.

Agar alikuwa amekaa juu ya sanduku, peku, nyayo kwenye saruji. Basse ilikuwa magotini, waya wake umelala sakafuni haujaunganishwa na kitu. Viganja vyote viwili alikuwa amevibandika kwenye mbao, kila upande wa mapaja. Nje likaja pigo, na nikaona mabega yake yakilipokea.

"Si mimi napiga," alisema.

Nilikimbia barabarani. Nikapaza sauti kwamba ni bomu, ni bomu la kweli, upande wa Mavivi, wakimbie. Mama wa mikate alinitazama kwa huruma. Kijana wa pikipiki akaniambia, Prof, mwambie dada yako abadilishe wimbo, ule tumeshauzoea. Nikazidi kupiga kelele, na kadiri nilivyopiga walizidi kucheka. Kwani nani aliyetangaza kwamba si bomu? Jeshi lenyewe. Ujuzi wote wa masikio yao, masomo yote ya miaka ile ya vita, tulikuwa tumeyafuta kwa siku moja.

Ndipo Agar alipotoka depo. Alikuwa ameshika basse kwa shingo, ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, kama padri anavyoinua kitabu, na waya wake unaburuta vumbini nyuma yake. Akapita katikati ya barabara, polepole, akigeuka kulia, akigeuka kushoto, ili kila mtu aone: mikono iko juu, nyuzi hazijaguswa. Na alipofika mbele ya mikate, pigo likaja.

Msichana wa ndoo akaacha kucheza. Mama wa mikate alitazama vidole vya Agar, akashuka na macho yake mpaka kwenye waya, akaufuata waya mpaka mwisho wake uliolala mchangani. Akainua karai lake na mafuta yakichemka ndani yake, akamwaga yote barabarani. Ibrahim alikuwa ameshapanda lori, anawasha. Kule kona adjudant alisimama na kikombe cha chai, naye anautazama waya ule. Kisha akageuza uso kaskazini, na bati la duka la kwanza likashuka.